Orodha ya Ribati

Ribati ile ya Jeddah ilikuwa na vyumba kumi na vinane, na chumba hakikuachwa wazi ila kwa mambo mawili: mwenyewe aolewe au afe. Katika miaka niliyoijua mimi hakuna aliyeolewa. Ilikuwa nyumba ya wakfu. Tajiri mmoja wa zamani aliijenga kwa ajili ya wajane na wanawake wasio na mtu, waishi humo bila kodi mpaka Mungu awachukue. Ukitaka kuingia unaandikwa kwenye daftari la msimamizi, kisha unangoja. Mimi niliandikwa wa sita.

Sikuwa nimekwenda Uarabuni kutafuta nyumba. Nilitoka Mombasa nikiwa nimevuka hamsini, mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani, wakati ule mawakala walipokuwa wakipita mtaa kwa mtaa wakiandikisha wanawake. Nilipelekwa Riyadh, Al-Malqa, kumtunza mama mzee wa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini. Nilikuwa nikimlisha, nikimwogesha, nikimsomea juzuu moja kila siku. Nililala katika kijichumba kando ya mashine ya kufulia, na sikuwahi kukihesabu kuwa ni neema. Mzee alipofariki, binti yake wa Jeddah akaichukua ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, nikahamia huko. Alinitaka mchana tu. "Kazi ipo," akaniambia, "chumba mafi."

Nikatafuta cha kupanga. Mwenye nyumba wa kwanza akauliza kama nina familia. Nikasema niko peke yangu. Akasema jengo lake moja ni la familia, na la pili ni la wanaume makapera. La mwanamke peke yake hakuwa nalo. Wengine wawili walisema hayo hayo, bila ubaya, kama mtu anayekueleza kuwa duka limefungwa. Nikaishia mtaa wa Karantina, chumba kimoja wanawake saba, tukilala mbavu kwa mbavu. Alhamdulillahi, paa lilikuwapo. Nikiwa huko ndipo nilipokwenda kujiandikisha ribati.

Nyumbani nilikuwa mwosha maiti. Msimamizi wa ribati alipolijua hilo akawa ananiita kila mtu alipofia mle. Kila Ijumaa nilikwenda pia kuwazuru wagonjwa, maana kuzuriwa ni haki ya mgonjwa. Ikawa kila jina langu linaposogea juu, yule aliyelisogeza nimemwosha kwa mikono yangu mwenyewe.

Pale Karantina nililala chumba kimoja na binti mmoja wa Nakuru, Mkristo, mcheshi, aliyezijua habari zangu zote. Nikirudi na harufu ya karafuumaiti alikuwa na swali lake.

"Mathe, list imesonga?"

"Imesonga."

"Nani ame-expire leo?"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mtu si ikama."

"Afadhali ikama, mathe. Hiyo una-renew."

Wenzake wakacheka. Nilitaka kukasirika, nikakuta sina hasira.

Mwaka wa nne nilikuwa wa kwanza. Ndani ya ribati alikuwamo bibi wa Unguja, aliyekuja kuhiji ujanani akabaki. Ndiye pekee niliyezungumza naye Kiswahili mle. Kila nikiingia alikuwa na lake.

"Karibu, mrithi wangu. Umekuja kupima pazia?"

"Nimekuja kukutazama, bi mkubwa."

"Nitazame basi. Na dirisha nalo ulitazame, linaingiza vumbi."

Mwezi wa Shaabani akashikwa na kifua, hata uji ukamshinda. Akaomba nimsomee Yasini. Kwetu tunaamini sura hii humrahisishia mgonjwa: aliye wa kupona apone, aliye wa kwenda aende. Nimeisoma vitandani mwa watu tangu ni msichana. Siku ile nilipofika katikati nikaona macho yangu yako ukutani, nahesabu misumari ya kutundikia nguo. Ulimi unasoma, na mimi napanga buibui langu nitalitundika wapi. Nikanyamaza.

"Mbona umekata?" akauliza.

"Koo limenikauka."

"Kunywa maji umalize."

Nikamaliza, lakini sikujua nimemwombea nini. Miaka ishirini niliwafundisha watoto kwamba amali huenda na nia. Ni katika mambo ya mwanzo kabisa tunayowafundisha. Kesho yake nikamwendea msimamizi, mwanamke wa Kihijazi asiyependa maneno mengi, nikamwomba anishushe mpaka chini ya daftari, ili yule wa pili, mjane wa Kisudani, awe wa kwanza.

"Umepata nyumba?" akauliza.

"Sijapata."

"Umepata mume?"

"Astaghfirullahi."

"Basi kwa nini?"

"Nataka nimuuguze huyu bibi nikiwa sina changu ndani yake."

Akanitazama kidogo, akalikata jina, akaliandika upya chini ya wote. "Halas," akasema, akalifunga daftari.

Nilimuuguza bibi siku kumi na moja. Kila nilipotoka kazini nilipita kumsomea, nikiomba apone, na niliomba hivyo kweli. Siku ya tisa nikamweleza nilichofanya, nikidhani kitamfurahisha. Akafumba macho.

"Mjinga wewe," akasema. "Mimi nishamwambia Mungu chumba hiki ni chako. Nilikuwa nakwenda kwa raha."

"Si chetu, bi mkubwa. Ni cha wakfu."

"Usinisomeshe. Nigeuze ubavu."

Nikamgeuza. Hatukulitaja tena jambo lile.

Alifariki Jumatatu asubuhi. Madam, yule binti niliyemfanyia kazi, akaniruhusu nisiende kazini. Nilimwosha, nikamkafini, akachukuliwa kwenda kusaliwa adhuhuri. Sikulia. Niliingoja huzuni, haikuja, wala ile raha ya kutenda jema nayo haikuja. Nilimshukuru Mungu kwa ulimi, kwa kuwa ulimi ndio uliokuwa unafanya kazi. Sakafu ilikuwa imelowa, nikaikausha.

Alasiri yule Msudani akafika na godoro kichwani. Mlango ulikuwa mwembamba, tukasaidiana, yeye akilivuta ndani na mimi nikilisukuma nje, mpaka likapita. Akakaa juu yake akihema. Akaniita dada, akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa mcheshi. Akauliza kama na mimi nangoja chumba. Nikasema nangoja.

"Wewe ni wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Hakujua habari ya kukatwa kwa jina, na sikumwambia. Aliinua mikono yote miwili. "Mungu akupe chumba humu upesi," akasema, "tuwe majirani."

Nikamwambia hakuna haraka, nikaokota ndoo yangu.