Mlango wa Jikoni

Kijijini Matongo, enzi zile za dhahabu, zebaki ilichomwa milango ikiwa imefungwa. Ukiacha wazi, kabla donge halijapoa mtaa mzima umeshajua una dhahabu. Mama naye alijifungia jikoni, akaweka donge la dhahabu na zebaki kwenye kijiko, akapuliza mkaa mpaka zebaki yote ikapaa kuwa mvuke.

Kisha akaanza kudhoofika. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akawa hakauki chooni, na sisimizi wakajaa pale alipokojoa nyuma ya nyumba. Bibi akawaona, akakata shauri: ni ugonjwa wa sukari. Mama akanyimwa sukari kwenye chai, ugali wake ukapunguzwa. Alizidi kuisha, nami nikawa na hasira na kila mtu, hata na wale sisimizi.

Hospitali walipima damu, sukari ikawa ya kawaida. Walipopima mkojo wakaikuta tele.

"Inawezekanaje?" nilimwuliza daktari, kwa ukali nisioukusudia.

"Figo zinachuja damu, na vitu vizuri navyo vinapita humo," alisema. "Ndani kuna mirija midogo sana. Hiyo inarudisha sukari kwenye damu, na chumvi, na maji karibu yote. Tena inavuta uchafu uliobaki kwenye damu na kuusukumia kwenye mkojo. Ya mama yako imechoka kurudisha." Akamgeukia Mama. "Unachoma zebaki?"

Mama aliitikia kwa kichwa. "Ni kama sisi tunavyookota magwangala," akasema, yaani yale mawe yanayotupwa na mgodi. "Mwingine anatupa, sisi tunarudisha nyumbani."

"Ndivyo, mama. Sasa zebaki inawaua hao waokotaji wako. Ukiacha leo, wengine wataota upya. Usipoacha, figo zitakufa na wewe utakufa."

Nyumbani kulikuwa na donge moja bado, limefungwa kitambaani na kuchomekwa kwenye paa. Juu ya bodaboda niliwaza hilo tu. Tulipofika akalishusha, nami nikasimama mlangoni, nimeazimia usifungwe. Hakulichoma. Alimwuzia jirani yetu, mwanamke mwenye mtoto anayenyonya.

Jioni mlango wa jikoni kwa jirani ukafungwa. Ndani mtoto alikuwa analia.

Niliganda. Mama, ambaye asubuhi ile nilimbeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki, alikuwa ameshafika pale, anaupiga ule mlango kwa ngumi zote mbili.

"Fungua! Mtoe mtoto!"