Taa Moja ya Zakaria Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Shefu wa garaji wa mradi wa kilimo, hapa Uvira, alinipa kitambaa akaniambia nipanguse magari yote, juu mpaka chini ya tumbo. Nilikuwa nimekuja na leseni mpya na kiburi kingi, na jioni nilikuwa mweusi kwa girisi hadi masikioni. Aliyelala chini ya gari la pili alikuwa Zakaria wa Makobola, kusini kwetu kando ya ziwa. Tuliajiriwa siku moja, na kiburi chetu kiliisha siku moja.

Magari yenyewe yalikuwa Landrova za petroli. Ninyi vijana mnaoendesha ya siku hizi hamkuijua kazi ya mto. Madaraja ya barabara ya ziwani yalikuwa yakichukuliwa na mvua, basi tulipita majini. Kwanza unafungua boneti na kutoa kuruwa, ule mkanda unaozungusha feni, maana feni ikigusa maji huyarusha kwenye nyaya za moto na injini inakuzimikia katikati ya mto. Kisha unavuta krabo, kijiti kifupi kando ya gia, ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Unaingia polepole na hubadilishi gia mpaka utoke.

Jambo jingine Shefu alilishika kama dini. Mvua ikinyesha, hakuna gari linalovuka peke yake. Wa kwanza akishavuka anageuza gari lake litazame mto na kumngoja mwenzake. Kwa kuwa maji yalikuwa na kelele, tulisemeshana kwa taa. Ukiwasha mara moja, umesema niko hapa. Mara mbili, usivuke. Mara tatu unauliza kama uvuke, na mwenzako naye akirudisha tatu, unaingia. Aliye ng'ambo ndiye aliyeamua, kwa sababu mwenye hamu ya kufika huyaona maji madogo. Na hakuna aliyeondoka kabla hajamwona mwenzake salama.

Wakati mmoja nilinung'unika kwamba tunachelewa.

"Weye iko na haraka ya wapi?" Shefu aliniuliza.

"Watu wanatungoja kule, Shefu."

"Wangoje. Kama mwenzako hayavuka bado, weye hauyafika bado."

Mradi ulipofungwa, mimi na Zakaria tulichukuliwa na timu ya chanjo. Tulipanda milima ya Bijombo na Mulenge tukimwendesha Daktari Mkuu, mama mkimya aliyepakata sanduku la barafu safari nzima. Kule juu udongo ukilowa gari linateleza kama sabuni, na wachungaji walitusukuma huku wakitucheka, kisha wakatupa maziwa. Nikikaza mwendo Daktari alisema tu, "Feruzi, minye iko na watoto ndani ya hii sanduku." Nilikuwa napunguza mwendo mara moja.

Bosi wetu wa mwisho alikuwa Mkuu wa Lojistiki, wa shirika moja la misaada. Huyo alitufahamu zaidi kwa namba za magari yetu kuliko kwa majina. Tulipostaafu, zile Landrova zetu mbili za mradi, ambazo shirika lilizirithi, zilikuwa nyuma ya garaji lake, kuku wanataga ndani, akatuachia.

"Mutazifanyia nini?" alituuliza.

"Tutazipangusa," Zakaria akamjibu.

Hivyo ndivyo kilabu yetu ilivyoanza. Wazee wengine wenye magari ya zamani walijiunga, na kila mwaka tulikuwa na siku yetu. Sisi wa mjini tulikusanyika Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, tukashuka barabara ya ziwani kwa msafara. Zakaria alitoka kwake Makobola kutupokea mtoni, kisha tukaenda kula samaki nyumbani kwake. Tulikuwa tunapiga honi kama watu wa harusi. Baadaye mmoja akafa, mwingine akahamia Bukavu, na wa tatu watoto wake waliuza gari kama chuma chakavu. Tukabaki mimi na Zakaria.

Mwaka huu siku ya kilabu iliangukia mvua. Tangu wiki iliyotangulia simu ya Zakaria haikuwa inaita. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa anakohoa vibaya, akacheka kikohozi chake mwenyewe. Mke wangu amekwisha kufariki, watoto wako mbali, na mimi naweza kukaa siku nyingi pasipo mtu wa kunisemesha zaidi ya habari za asubuhi. Nilikuwa na hofu kwamba Zakaria amekufa na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Nilikwenda Kavimvira kama desturi. Wabadili pesa walikuwa wamejibanza chini ya maturubai. Mama Neema, mmoja wao anayenifahamu, akaniita.

"Papa Feruzi, kati ya weye na hii gari, nani iko mzee?"

"Gari. Minye nayo iko naisindikiza tu."

"Na wenzako iko wapi?"

"Iko njiani," nilisema. Akaitazama ile mvua, akanitazama mimi, akarudi kuhesabu noti zake.

Niliendesha peke yangu, wiper moja inafanya kazi, ziwa silioni kwa ukungu. Nilipofika mtoni, daraja lilikuwa limekatika tena na maji yamejaa, ya kahawia, yanabiringisha mawe. Hakukuwa na mtu. Niliitazamisha Landrova mto nikawasha taa mara moja. Ng'ambo kulikuwa na mvua tu. Nikawasha tena, nikangoja, nikawasha tena. Nikaanza kujiambia kwamba basi, yamekwisha.

Ndipo taa ikawaka ng'ambo. Ilikuwa moja, ya kulia. Ya kushoto ya Zakaria ilivunjika zamani, na kila mwaka nilimtania kwamba gari lake linakonyeza wanawake. Nililia, sioni haya kusema.

Nilishuka nikatoa kuruwa, nikavuta krabo, nikawasha mara tatu. Akajibu mara mbili. Nikauliza tena, akajibu mbili. Hasira zikanipanda. Nilitaka kumwona uso, kusikia kikohozi chake, kula samaki mezani na mtu. Niliachia embreyaji, ile pedali ya klachi, nikaingia. Maji yalipopanda juu ya gurudumu, nilihisi gari linaanza kuwa jepesi, na taa ya Zakaria ikawa haipumziki: mbili, mbili, mbili. Mtu wa kuniamulia alikuwa bado yupo duniani, na alikuwa ananikataza. Nikarudi nyuma mpaka kwenye changarawe.

Basi tukakaa, yeye kwake, mimi kwangu. Nikiwasha mara moja, anajibu mara moja. Desturi ya Shefu ilisema uondoke ukishamwona mwenzako amevuka. Haikusema ufanye nini siku ambayo hakuna atakayevuka. Kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Bila kuruwa dinamo haichaji betri, na taa zangu zikaanza kuwa njano. Nilishuka kurudisha kuruwa, vidole vimekufa ganzi, nikiogopa kwamba nikiinua kichwa sitamkuta. Nilipofunga boneti ile taa moja ilikuwa imeniwakia.

Vijana, mnaniuliza kazi ya dereva ilinipa nini. Nyumba yangu mnaiona, ni ndogo, na jioni kuna kiti kimoja tu chenye mtu. Simu ya Zakaria mpaka leo haiiti, na daraja halijatengenezwa. Lakini kila mvua ikipungua nashuka mpaka pale mtoni. Nawasha mara moja. Kuna siku najibiwa na kuna siku sijibiwi, na siku nisipojibiwa siondoki haraka, nangoja, maana huenda bado yuko chini ya boneti anarudisha kuruwa.