Kifuniko cha Sanduku la Betri

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyechaguliwa kuliendesha gari la sola la chuo chao kwenye mashindano. Kwa nini yeye? Kwa sababu, walisema, ndiye mwepesi kuliko wote. Mtoto nimlishe mimi tangu hajui kutambaa, wao waje wampime kama kitunguu.

Karakana ya chuo ilikuwa imefungwa kwa likizo, wakaniomba ua wangu hapa Mji wa Kale. Nikawapa. Wakaja wanafunzi sita na mwalimu wao, mtu wa bara, mpole. Gari lenyewe bapa kama meza, juu limetandazwa vioo vya kuvuta umeme wa jua. Nyuma ya kiti cha dereva, mgongoni kabisa, pana sanduku la bati lililojaa betri ndogo ndogo, zimeshindiliwa kama tende. Na ndani ya sanduku wamebandika sponji ya godoro, pande zote, chini na juu.

"Ya nini hiyo?"

"Zisigongwegongwe, bibi. Barabara zetu wazijua."

"Na joto lake litapita wapi?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi adhani twapika pilau humu!"

Mimi nimesoma chuo cha Kurani na darasa la tatu, basi. Lakini nimepika harusi za mtaa huu tangu mamake mtoto huyu hajazaliwa. Sufuria ya biriani ikishaiva huivika blanketi ukaibana vizuri. Wageni wakachelewa, ukija kuifunua alasiri yakuunguza uso. Na blanketi kwa nje? Baridi. Mtoto mchanga aweza kulilalia.

Adhuhuri ile walilizungusha gari mpaka upande wa Ngome ya Yesu na kurudi, mara kadhaa, jua la utosi. Waliporudi mwalimu akaligusa sanduku, akafurahi. "Baridi kabisa!" Kipimo chao cha joto nacho kilisema hivyo hivyo. Nikatazama kilipobandikwa. Nje! Juu ya bati!

"Fungueni."

"Mama, hizo bolti ni nyingi, na tumeshaona..."

"Fungueni, mwalimu. Ua ni wangu."

Walipokiinua kifuniko, joto likawapiga usoni wote. Sponji ya upande wa kiti imelainika, imenatana na betri, yanuka plastiki inayotaka kuungua. Hakuna tena aliyetaja pilau. Na sanduku lina tundu moja la kutolea moshi betri zikishika moto; wallahi sikuamini macho yangu, lilielekea mbele, kwenye shingo ya mjukuu wangu.

Mwalimu akaanza maelezo. Wakilitengeneza upya uzito utazidi. Mashindano yako karibu. "Tutalirekebisha tukirudi, Mama."

"Mkirudi mtaniletea nini? Mtoto au maiti?"

Nikakichukua kifuniko, nikaingia nacho chumbani, nikakitia chini ya mkeka, nikakikalia. Mjukuu wangu akanifuata akilia kwa hasira. "Bibi, umeniaibisha mbele ya wenzangu! Hujui lolote la betri!"

Kweli, sijui. Lakini hao wajuao walikuwa wakipima joto la blanketi.

Walinuna, wakafanya. Waling'oa sponji yote. Betri wakazifunga kwa vishikizo, zikaachana, feni ikapitisha upepo kati yake. Kipimo kikaingia ndani, katikati ya betri. Baina ya sanduku na kiti wakaweka ukuta usioshika moto, na bomba la moshi likatokea nyuma ya gari. Uzito uliozidi, waliniambia, ni kama pakiti mbili za unga. Pakiti mbili za unga! Kwa hizo wangemchoma mtoto wa watu!

Asubuhi ya kuondoka, mjukuu wangu akaja kutaka kifuniko.

"Moshi watoka wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Nikainama, nikalifuata bomba kwa mkono mpaka mwisho wake. Nikampa kifuniko chake.

Akaondoka bila kuniaga. Na asiniage. Mradi arudi, aje aninunie hapa hapa nyumbani.