Kofia Arobaini na Nane

Basi la watoto wa parokia siku hizi huondoka kimya. Padri Egidio hupita katikati ya viti na orodha mkononi, anaita jina, anamtazama mtoto usoni, anatia alama. Kwa miaka kumi na tisa kazi hiyo ilikuwa ya Oriana Trevisol, mpishi wa shule ya chekechea, naye hakuhitaji karatasi. Alianzia viti vya nyuma, akigonga kila kofia kwa kidole na kuhesabu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mfereji. Idadi ikikamilika alimgeukia dereva: "Tumetimia. Ondoa gari."

Kofia alizinunua mwenyewe sokoni mjini Rovigo, za njano, kwa sababu njano huonekana mbali. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mikono yake ikinuka vitunguu hata Jumapili. Watoto walimwita shangazi, naye akawapa majina ya mboga. Ilenia, msichana wa miaka minane, mdogo na mwenye haya, alikuwa Njegere.

Jumatano ile ya Julai tulikwenda kwenye bustani ya michezo karibu na ziwa. Mimi nilikuwa mmoja wa wasaidizi. Tulipoingia kwenye maegesho sote tulisogea madirishani. Mabasi yalikuwa zaidi ya mia, na vijana wa parokia za mikoa mitatu walikuwa wakimiminika langoni kwa nyimbo na matarumbeta. Si chini ya makundi sita yalikuwa na kofia za njano.

Loris, dereva, alicheka mpaka akauinamia usukani. "Oriana, kuku wako wamechanganyika na wa jirani."

"Wangu nawajua kwa mlio," alimjibu.

Lakini mle ndani hakukuwa na mlio wa mtu uliosikika. Treni za michezo zilipita juu yetu zikibinuka kichwa chini na kupiga kelele, foleni zilijisokota kama utumbo, na kila tulipogeuka palikuwa na njano. Saa kumi na mbili jioni tulirudi kwenye basi hoi, wengine wamelala kabla hawajakaa vizuri. Oriana alihesabu, akafika arobaini na nane. Tumetimia, alisema, na tukaondoka.

Tulikuwa barabara kuu kwa nusu saa hivi msichana mmoja alipoamka, akamvuta Oriana mkono wa nguo na kumuuliza kwa adabu kama padri wao amekaa mbele. Oriana akauliza padri gani. Mtoto akataja jina ambalo hatukulijua.

Oriana alimvua kofia, taratibu. Uso ule hakuna aliyewahi kuuona. Oriana alibaki na kofia ile mkononi. Loris hakungoja kuambiwa. Alichepuka kwenye njia ya kwanza ya kutokea, akageuza. Padri Egidio alipiga simu bustanini, wakasema watatafuta. Kwa nusu saa nzima ya kurudi Oriana alisimama, ameshika viti viwili, akitazama watoto mmoja baada ya mwingine, mpaka akajua anayekosekana ni nani.

Ilenia alikuwa ameketi ukingoni mwa lami, palepale basi letu liliposimama, begi mapajani, mlinzi akimnywesha maji. Hakuwa amelia. Oriana alipiga magoti mbele yake, akamuuliza kwa nini hakukimbia, hakupiga kelele, hakugonga mlango. Mtoto akaeleza kwamba alikuwa karibu tu, nyuma ya basi la jirani, akifunga kamba za viatu.

"Nilikusikia ukihesabu, shangazi. Ukafika arobaini na nane. Nikajua mmetimia."

Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja saa.

Yule msichana mwingine tulimkabidhi kwa watu wake, waliokuwa wakimtafuta kila kona. Kwetu hakuna aliyemfokea Oriana. Mama yake Ilenia alimpelekea keki, akamwambia mambo yamekwisha. Oriana alishukuru, kisha akasema kwamba yule mtoto aliiamini namba kuliko alivyojiamini kuwa yupo, na namba hiyo ilitoka kinywani mwake yeye. Septemba shule ilipofunguliwa, jikoni kulikuwa na mpishi mpya.

Oriana sasa anaishi mjini Adria, kwa dada yake, na anapiga pasi mashuka katika nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi.