Kwetu Hakuna Kifua

Fundi cherehani huyu haamini mtu. Mteja akilalamika kwamba nguo imembana, humpima upya kabla ya kumjibu, maana watu hunenepa wakasingizia mshono. Aliyemwamini ni mumewe tu, seremala mpole asiyejua kugombana.

Binti yao alipoanza kubanwa na kifua, daktari alisema ni pumu, akauliza kama kuna mwenye nayo kwenye ukoo. Alieleza kwamba mtoto anaweza kurithi wepesi wa kuipata kwa baba, kwa mama, au kwa wote wawili, kisha vumbi likaiamsha. Seremala akaharakisha kujibu kwamba kwao hakuna kifua. Basi fundi akajua ni kwao yeye. Alimpigia simu mama yake, akawapigia mama wadogo, akagombana mpaka na mjomba kwa kikohozi chake cha sigara. Hakupata kitu.

Mama mkwe akaja kuwatembelea. Alipitisha kidole juu ya cherehani, akakitazama, akasema mtoto hawezi kukulia kwenye nyuzi. Jumapili ataondoka naye, akae kwake. Fundi akaanza kumchunguza bibi huyo: mbona hufungua dirisha kabla hajaketi? Mbona hutega sikio kila mtoto anapohema? Alimuuliza mumewe kama mama yake anaficha pumu. Akaambiwa aache kumtafutia mama wa watu ubaya.

Jumapili asubuhi mtoto alibanwa. Kabla fundi hajanyanyuka, bibi alishamkalisha, amemwinamisha mbele, ametikisa pampu ya dawa na kumwambia atoe pumzi kwanza. Mikono haikumtetemeka hata kidogo. Mtoto akatulia.

"Mama, naomba nikuulize, usinielewe vibaya," fundi alisema. "Una pumu?"

"Mimi? Sina."

"Sasa haya umejifunza wapi?"

Bibi alimshangaa. "Kwa mumeo, mwanangu. Alikuwa hivihivi mpaka akawa kijana. Ina maana hajakwambia?"

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, begi la mtoto mkononi, limeshafungwa. Fundi alimpokonya lile begi, akalifungua kitandani, akaanza kutoa nguo za mwanawe moja moja.