Siku Niliyopimwa kwa Mizani ya Pamba

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: mtu akirudi kutoka chuo kikuu amekonda kama mimi, wanafunzi watamheshimu kweli? (Nilikuwa nasubiri kuanza kufundisha sayansi.) Leo naona haya hata kulitaja, kwa sababu swali hilo ndilo lililonifikisha hewani, nikining'inia kama gunia mbele ya mtaa wetu mzima wa Ngokolo.

Majirani hawakunisaidia. "Masanja, hicho chuo kilikuwa cha kusoma au cha kufunga?"

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, mafuta ya kula yameanza kuonekana tena madukani, na Bwana Hamisi, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alikuwa amefungua kibanda cha chipsi karibu na stendi. Akaniita.

"Mwalimu, kula kwangu bure kila jioni mpaka Sabasaba, chipsi mayai na soda. Tutakupima leo, tutakupima tena siku ya maonyesho, watu wajionee."

Nikafikiri, nikajiuliza kama hiyo ni rushwa, kama ni utapeli, kama msomi anakula wima au ameketi, kisha nikala.

Mizani aliyoazima ilikuwa ile ya kununulia pamba, ya kuning'iniza, unakalia gunia lililofungwa kwenye ndoano. Siku ile ya kwanza wakulima waliokuwa stendi walitazama mshale wakacheka: "Fifi!" (Ndiyo pamba chafu, ya bei ya chini; ile ya daraja la juu huitwa "safi".) Iliniuma. Nikawa naomba sahani ya pili.

Sabasaba ikafika, nami nimevaa suti ya mahafali, kifungo kimekaza mpaka napumua kwa zamu. Juu ya banda la Bwana Hamisi kulikuwa na kibao: CHIPSI ZA MSOMI, NENEPA UHESHIMIKE, na chini yake jina langu. Wakanipandisha, mshale ukazunguka, umati ukalipuka "Safi! Safi!", nami kwa ujinga nikainua mkono kuwapungia, na suruali ikaachia nyuma, praaa, mpaka kwenye mkanda.

"Gunia limepasuka!" mtu akapaza sauti. "Mshusheni pamba isimwagike!"

Nikiwa bado juu nikamwona mama yangu. Ana ugonjwa wa sukari, alishawahi kuzimia kisimani, na daktari alimkataza kabisa soda na vya kukaanga. Alikuwa amesimama mbele, chupa mkono huu, sahani ya chipsi mkono ule, uso unang'aa kwa fahari.

"Mama, weka chini hiyo!"

"Ng'wana wane," akaniita mwanangu kwa Kisukuma, watu wote wakisikia, "kama wewe wa sayansi umenawiri kwa hiki, mimi kitanifanya nini?"

Aibu ikaniisha palepale, ikabaki hasira. Waliponishusha nilimwendea Bwana Hamisi, mkono mmoja nyuma. "Unajua huyu mgonjwa, na bado umemuuzia?"

"Mimi simlishi mtu kwa nguvu, Mwalimu. Kaja mwenyewe."

Hilo ndilo linalonichemsha hadi leo. Mafuta anayarudia mpaka yawe meusi kama ya gari, watoto wa shule wanamletea hela ya uji, wanaume wanashika vitambi vyao kama vyeti, halafu anasema kaja mwenyewe, wakati kibao kilishamwita tangu asubuhi, tena kwa jina la mwanawe!

Nikakipandia kibao nikaking'oa.

"Kibao changu hicho!"

"Na jina ni langu!"

Nikaichukua soda ya mama nikaimwaga (alininunia hadi usiku ule tulipomaliza ugali wetu wa mtama na mchicha nyumbani, na tangu hapo sijala kwingine jioni). Kisha tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nimejifunika kile kibao palipochanika, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikufikiri mara mbili: maandishi niliyageuzia ndani, yakatazamana na suruali, ndiko yalikostahili kusomwa.