Simu Iliyoita kwa Maandishi

Simu ya mdogo wangu iliita kwa maandishi. Kioo chake kilikuwa kimekufa na spika haikutoa hata mkwaruzo, lakini kwenye kompyuta yangu, mchana kweupe, neno lilijiandika lenyewe: RING.

Mdogo wangu aliondoka nyumbani Kisarawe kwenda kutafuta mbao, hakurudi. Masika yote yakapita. Kisha wafugaji wakaiokota simu yake kichakani. Baba mdogo akaamua khitma isomwe Ijumaa. Mama akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akaja nayo kwangu Misugusugu.

"Itoe yaliyomo," aliniambia. "Sikai mkekani bila kujua namlilia nani."

Nilibadilisha betri. Simu za aina ile ukizichomeka waya wa USB, modemu, yaani sehemu ya ndani inayozungumza na minara, inaonekana kwenye kompyuta kama mlango wa kuandikiana. Niliandika herufi mbili, AT. Ikajibu: OK.

"Nani huyo kajibu?"

"Simu, mama."

"Mbona upesi hivyo, kama ilikuwa inatusubiri?"

Nikaomba meseji, laini haikuwa na hata moja. Kwa mazoea tu, nikaiagiza ionyeshe namba ya atakayepiga.

Baba mdogo akampigia mama kuuliza habari za mchele. Sauti yake ilijaa chumba. "Shemeji, muache mtoto afanye kazi zake. Maiti hapigi simu."

Mama akamkatia. Ndipo neno lilipotokea.

RING. Ikakatwa. RING. Ikakatwa. Kimya kirefu. Kisha RING moja, basi.

Mama alishika ukingo wa meza. Mdogo wangu alibipu hivyo kila safari: mara mbili, atulie, halafu mara moja. Maana yake, nimefika salama, msipige. Ilikuwa siri ya nyumba yetu.

Namba iliyotokea hatukuijua. Nikaipigia kwa simu yangu. Haipatikani.

"Lakini kwa nini aipigie simu yake mwenyewe?" niliuliza.

"Wewe namba ya nani unayo kichwani, zaidi ya yako?"

Nikaipigia tena ile namba.

Ijumaa mchele ulipikwa Kisarawe na khitma ikasomwa. Mama hakwenda. Alikaa kwangu, macho kwenye kompyuta. Waya haujachomolewa hadi leo, na namba ile bado haipatikani.